Mwendesha Tairi Moja wa Likombe

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu asubuhi, na waendesha baiskeli wote wa mashindano walikuwa wameshapita kituo cha Mpapura isipokuwa mmoja. Gladness alijifanya hajui ni nani.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, sanduku la huduma ya kwanza mbele ya miguu yake. Tangu asubuhi alikuwa amesafisha magoti yaliyochubuka, amemtoa mtu mwiba kiganjani, na amemnywesha kijana mmoja wa Masasi maji ya chumvi na sukari mpaka kizunguzungu kikamwisha. Kazi hizo zilimsaidia asiwaze. Sasa zilikuwa zimekwisha, na macho yake yalikwenda yenyewe kwenye ile njia nyekundu iliyotokeza katikati ya mikorosho.

"Dada Gladness, utaitoboa hiyo njia kwa kuitazama," alisema Saida, msichana aliyekuwa akigawa maji mezani.

"Naangalia vumbi tu."

"Vumbi lenyewe lina jina?"

Gladness alitupa jicho pembeni. Hatua tatu kutoka pale alikuwa amekaa baba yake.

Mzee Gideoni alikuwa amefanya kazi ya ukarani bandarini Mtwara miaka ishirini na sita, kisha akastaafu. Ni mtu wa Njombe, nchi ya baridi, aliyeshuka pwani akiwa kijana na kulizoea joto lake polepole, kama mtu anayezoea viatu vipya. Waandaaji wa mashindano walipotafuta mtu wa kuandika muda pale Mpapura, kwenye kilomita ya thelathini, walimwendea yeye, kwa sababu mji mzima ulijua kwamba Mzee Gideoni haandiki asichokiona. Alikuwa na saa ya mkononi, karatasi na kalamu mbili. Kituo kingefungwa saa nne kamili. Ambaye angefika baada ya hapo angevuliwa namba na kurudishwa Likombe kwa pikapu.

"Aliyebaki ni namba kumi na tisa," alisema mzee bila kumtazama binti yake. "Yule wa tairi moja."

"Anaitwa Eduardo, baba."

"Mimi naandika namba. Majina siandiki."

Gladness aliinamisha kichwa, akaanza kupanga bandeji ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Likombe nzima ilimjua Eduardo. Alikuwa fundi baiskeli. Miaka mitatu iliyopita, mgeni mmoja aliyekuwa akijitolea kufundisha Mikindani alirudi kwao na kumwachia kitu ambacho wengine walikiona chuma chakavu: gurudumu moja pana, pedali mbili na kiti juu yake. Hakikuwa na usukani, hakikuwa na cheni, hakikuwa na breki. Eduardo alijifunza kukipanda kwa miezi minne, mkono mmoja ukutani, akianguka na kupanda tena. Ndivyo Gladness alivyomfahamu. Ndani ya mwezi mmoja Eduardo alifika mara nne kwenye zahanati ambako Gladness alikuwa muuguzi, miundi ya miguu imechanwa na meno ya pedali. Mara ya nne Gladness alifungua bandeji akakuta kidonda kimeshapona.

"Sasa leo umefuata nini?" alimuuliza.

"Nimefuata kuulizwa," alijibu Eduardo.

Gladness alicheka siku hiyo mpaka mgonjwa aliyefuata akachungulia mlangoni. Tangu hapo hakucheka tena namna ile na mtu mwingine.

Lakini mwezi wa sita mama yake Eduardo, Mama Madalena, alisafiri kutoka Kilambo, karibu na Mto Ruvuma, akiwa amevaa kitenge kipya, amefuatana na kaka yake Sebastiao. Wazazi wa Mama Madalena walivuka mto kutoka Msumbiji enzi za vita, na Kiswahili chake bado kilikuwa na lafudhi ya ng'ambo. Aliketi sebuleni kwa Mzee Gideoni, akaeleza kwa adabu kilichomleta. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, sina neno na watu wa ng'ambo," alisema. "Lakini mwanao ana miaka thelathini, na anapanda tairi moja barabarani watoto wakimshangilia. Binti yangu siwezi kumpa mtu wa sarakasi. Akishakuwa mtu mzima, mrudi."

Mama Madalena aligeukia mlango wa chumbani. Kisha akauliza, "Na binti mwenyewe anasemaje?"

Gladness alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumbani, ameshika kitambaa kwa vidole vyote. Alisikia baba yake akimwita. Alisikia na kimya kilichofuata, kimya kilichokuwa kikimngoja yeye.

"Sina la kusema, baba," alijibu.

Kiti kililia sakafuni, na wageni wakaaga. Jioni ile Eduardo alimtumia ujumbe wa neno moja: *Nimesikia.* Baada ya hapo hakuandika tena, wala hakupiga simu. Miezi miwili sasa.

Muungurumo wa pikipiki ulimtoa mawazoni. Ni Hashimu, aliyekuwa akifuata washiriki kwa nyuma. Alisimama ghafla, vumbi likamfuata na kumpita.

"Anakuja!" alisema, akihema kama aliyekuja kwa miguu. "Lakini ameumia. Ameanguka kwenye mteremko baada ya Ziwani. Nimemwambia apande pikipiki, amekataa kabisa. Kanijibu, 'Kaka, tangulia, usinipigie vumbi.'"

Gladness alikuwa ameshasimama.

Akamwona. Kwanza kichwa na mabega yakipita juu ya vichaka, kwa urefu ambao mtu wa kawaida hana. Kisha mwili wote, umenyooka, mikono imetandazwa pembeni ikitafuta usawa hewani. Gurudumu lilikuwa likimeza mizizi na mawe moja moja. Soksi ya mguu wa kulia, iliyokuwa nyeupe alfajiri, ilikuwa imelowa damu mpaka kwenye kiatu.

Alipofika kwenye kamba alishuka kwa kuruka mbele, akatua kwa mguu mmoja, akadaka kiti kabla hakijaanguka. Macho yake yalikutana na ya Gladness. Yalikaa pale. Kulikuwa na vumbi kwenye kope zake, na Gladness aliona kwamba amekonda.

"Saa tatu na dakika hamsini na moja," alisema Mzee Gideoni, akaandika.

"Shikamoo mzee," alisema Eduardo.

"Marahaba. Kamwone muuguzi."

Eduardo alichechemea mpaka kwenye kiti. Gladness alipiga magoti mbele yake, akakata soksi kwa mkasi, akamwaga maji safi. Eduardo alivuta pumzi kwa meno. Mpasuko ulikuwa mrefu kama kidole cha kati, chini kidogo ya goti, mfupa ukiwa karibu.

"Hili linahitaji kushonwa," alisema Gladness.

"Lishone."

"Siwezi kushona kwenye vumbi, na ganzi sina hapa. Mpaka zahanati."

"Basi lifunge. Zimebaki kilomita kumi na mbili."

"Edu, unajua kwamba naweza kukuvua namba? Muuguzi akisema umetoka, umetoka."

"Najua." Aliitazama namba kifuani pake, kisha akamtazama yeye. "Ndiyo maana sijakudanganya kwamba hakuumi. Kunauma. Nivue, ukiona ni haki."

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomchoma Gladness. Alibana kitambaa juu ya jeraha, akahesabu kimoyomoyo akingoja damu ikome.

"Unataka kumwonyesha nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mwanzoni, baba yako. Nilisema nikimaliza na hawa wenye magurudumu mawili, ataona kwamba si mchezo. Lakini kwenye mchanga wa Ziwani nilianguka mara nyingi, Gladi. Kuanzia ya nne nikawa nimeshamsahau baba yako. Nikawa namuwaza mtu aliyekuwa nyuma ya pazia."

Gladness alikunja kitambaa upande mkavu. Akakibana tena.

"Baba yako alisema alichokiona," aliendelea Eduardo. "Sikumkasirikia. Anampenda mwanawe. Lakini wewe uliulizwa. Mjomba anasema mama alirudi Kilambo bila kusema neno njia nzima. Nilipomuuliza mama kwa simu, akaniambia, 'Binti hana la kusema.' Hivyo tu. Miezi miwili najiuliza kama kweli hukuwa nalo."

"Niliogopa."

"Ulimwogopa nani? Mzee hajawahi hata kukuinulia mkono."

"Angekuwa ananipiga ingekuwa rahisi!" Alisema kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kalamu ya Mzee Gideoni ikasimama kwenye karatasi. Gladness akashusha sauti, lakini hakunyamaza. "Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Baba alikwenda kwa jirani kujifunza kusuka nywele, Edu, ili nisichekwe shule nikiwa nimetimka kichwa. Karani mzima wa bandari, amekaa kwenye kigoda anafundishwa mistari. Alinilea peke yake mpaka leo. Neno 'hapana' sijawahi kumwambia. Siku ile nilifungua mdomo, nikakuta hamna kitu."

Uso wa Eduardo ulilegea. Aliinua mkono kama anayetaka kumgusa shavu, akakumbuka ulivyojaa vumbi, akaushusha.

"Hukuniambia," alisema.

"Hukuniuliza. Uliandika 'nimesikia' ukazima simu."

"Hapo nilikosea."

"Ulikosea sana."

Damu ilikuwa imekoma. Gladness alimwambia akunje vidole vya mguu, akavikunja. Akamwambia asukume kiganja chake kwa unyayo, akasukuma, kwa nguvu. Kama muuguzi, hapakuwa na sababu ya kumvua namba. Kama Gladness, sababu zilikuwa tele, na zote zilikuwa hofu yake mwenyewe. Alichukua bandeji pana na kuanza kufunga, raundi juu ya raundi.

"Ukiona mguu unakufa ganzi, unashuka. Ukiona damu inapita hii bandeji, unashuka, unamngoja Hashimu. Niahidi."

"Nimeahidi."

"Nitazame uniahidi."

Alimtazama. "Nimeahidi, Gladi."

Alipofunga fundo la mwisho, Hashimu alikohoa.

"Mzee wangu, saa nne imepita. Dakika tatu sasa."

Wote wakageuka kumwangalia Mzee Gideoni. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili. Gladness aliwaza kwamba neno moja tu la baba yake lingetosha, na hakuna mtu ambaye angemlaumu.

"Kanuni inasema kufika," alisema mzee. "Huyu amefika saa tatu na hamsini na moja, nimeshaandika. Muda wa kutibiwa si kosa lake." Kisha akaongeza, kana kwamba anajisemea, "Nisichokiona siandiki, na nilichokiona sifuti."

"Ahsante, mzee," alisema Eduardo.

"Usinishukuru. Ondoka, mwisho wa safari unafungwa saa sita."

Eduardo aliweka kiti katikati ya mapaja, mguu wa kushoto kwenye pedali, akaruka. Mguu wenye jeraha ulikataa kumnyanyua. Akaanguka. Akajaribu tena, na safari hii alitua kwa magoti, Saida akaziba macho.

"Angepata bega la kushika angepanda," alisema Hashimu.

Gladness alimgeukia baba yake. "Kanuni zinaruhusu ashike mtu akipanda?"

Mzee alifunua karatasi moja, nyingine, akarudi kwenye ya kwanza. Alichukua muda.

"Zinakataza kusukumwa," alisema mwishowe. "Kushika hazijasema kitu."

Gladness alitoka chini ya turubai. Jua lilimpiga usoni. Alisimama kando ya gurudumu, akaukaza mwili.

"Shika."

Mkono wa Eduardo ulitua begani pake, mzito, wenye moto. Akapanda. Sasa alikuwa juu yake, gurudumu likicheza mbele na nyuma, na uzito wake wote ukipita katika ule mkono na kuingia kwake. Gladness hakutikisika. Aliinua uso, akaona jasho likimdondoka kidevuni, akaona na yale macho aliyoyakosa miezi miwili. Akajua kwamba akingoja siku nyingine, pazia litakuwepo tena.

"Baba," alisema, bila kugeuka. "Siku ile uliniita nikasema sina la kusema. Nilikuwa nalo. Nampenda huyu. Ndiye ninayemtaka. Ukikataa nitaumia, na sitatoroka nyumbani kwako, lakini sitakaa kimya tena. Nimeshasema."

Saida aliondoa viganja machoni. Hashimu, aliyekuwa ameshawasha pikipiki, akaizima.

"Gladi," alisema Eduardo. "Nimesikia. Yaani, nimesikia vizuri. Lakini nikikaa hapa sekunde nyingine nitaanguka."

"Basi nenda!"

Mkono uliondoka begani. Gurudumu lilizunguka, likayumba, likanyooka. Walimtazama akishika njia ya Likombe, mikono hewani, mpaka mikorosho ilipomficha.

Mzee Gideoni alikunja karatasi zake. "Umesema mbele za watu," alisema.

"Nawe mama yake ulimkatalia mbele ya ndugu yake, baba."

Mzee alichomeka kalamu mfukoni. "Pakieni vitu," alisema. "Tuondoke."

Ndani ya pikapu, iliyopita barabara kubwa, si njia ya mashindano, walikaa bega kwa bega. Walishapita nyumba za mwisho za Mpapura ndipo mzee alipouliza swali ambalo Gladness hakulitegemea.

"Hivi kile kitu kwa nini hakina breki?"

"Pedali zimefungwa kwenye gurudumu lenyewe, baba. Likizunguka nazo zinazunguka. Anapunguza mwendo kwa miguu."

"Hata kwenye mteremko?"

"Hasa kwenye mteremko. Wenzake wakishuka wanakaa tu, baiskeli inawapeleka. Yeye anaukanyaga wote. Akiacha kukanyaga, ameanguka."

"Kwa hiyo hapumziki."

"Hapumziki, baba. Tangu alfajiri."

Mzee Gideoni aligeukia dirisha. Mpaka Likombe, kila walipofika kwenye mteremko, Gladness alimwona akiukodolea macho kutoka juu mpaka chini.

Uwanjani spika zilikuwa zimeshazimwa, na vijana walikuwa wakikunja mahema. Watu wachache walibaki. Mmoja wao alikuwa mwanamke mfupi, aliyesimama wima kwenye kamba, mkoba umekumbatiwa kifuani. Gladness alimtambua: Mama Madalena. Akamwendea.

"Shikamoo, mama."

Mama Madalena alimtazama toka juu hadi chini. "Marahaba."

"Mwanao yuko njiani. Ameumia mguu, nimeufunga, atashonwa akifika." Gladness alisogea karibu. "Mama, siku ile uliuliza binti anasemaje. Nilikuwa na la kusema, nikalificha. Leo nimemwambia baba. Naomba unisamehe."

Mama Madalena alikuwa mtu wa kuchagua maneno, hasa katika lugha ambayo hakuzaliwa nayo.

"Mimi siku ile nilijiandaa," alisema. "Nilijua baba anaweza kukataa. Baba anakataa, ni kazi yake. Kukataliwa na wewe, hapo sikujiandaa."

"Najua, mama."

"Nimekusikia. Moyo bado haujatulia, sitakudanganya. Nipe siku."

"Nitangoja."

"Eh. Ngoja. Simama hapa, pana kivuli."

Akasogea kidogo kumpa nafasi. Walisimama pamoja hivyo saa moja nzima. Saa sita kasoro dakika tano mtu akapiga mluzi barabarani. Eduardo alitokeza kwenye kona, wa mwisho kabisa, anayumba, mdomo wazi, bandeji ina doa dogo tu. Wale wachache waliobaki walipiga makofi mpaka vijana wa mahema wakaacha kazi. Alivuka mstari, akajiachia chini, na mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfikia, akimsema kwa lugha ya kwao huku akimpangusa uso kwa khanga.

Mzee Gideoni alikuja taratibu. Alivua kofia.

"Mama Eduardo," alisema. "Ulikuja kwangu kwa heshima, nikakurudisha bila heshima. Naomba nije Kilambo, tuongee upya. Ukiniruhusu."

Mama Madalena alimtazama kwa umakini. "Njia ya Kilambo ina mchanga mwingi, mzee."

"Nimeona leo watu wanavyoupita mchanga."

"Jumapili, basi. Baada ya kanisa. Usije mapema, nitakuwa sijapika."

Eduardo, bado amelala chali kwenye nyasi, alicheka mpaka akashika mbavu. Mzee Gideoni alimwinamia, akampa mkono, akamnyanyua.

Zahanati haikuwa mbali. Gladness alinawa mikono, akavaa glavu mpya, akachoma ganzi, akangoja. Mzee alibaki nje kwenye benchi. Mama Madalena alikataa kutoka. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda, karibu kabisa, macho yake kwenye sindano.

"Unaumia?" Gladness alimuuliza Eduardo.

"Nimefuata kuumia na kushonwa tu. Endelea."

Akaanza. Uzi wa kwanza, wa pili. Alihisi jicho la Mama Madalena kwenye kila fundo. Kwenye uzi wa nne machozi yalimlenga, akayapangusa kwa bega, mkono ukabaki imara.

"Binti," alisema Mama Madalena.

"Naam, mama."

"Shona vizuri. Huo mguu nimeuzaa mimi."